Tangi la kupumzishia bia la lita 1,000: maoni yangu baada ya mikupuo 61

Wenzangu mnaoendesha viwanda vidogo vya bia, nimekaa na tangi hili miezi tisa na limepitisha mikupuo 61, yaani mapishi 61 ya bia. Lilipofika nilikuwa na sifa tele za kulimwagia, ila niliona ni haki lipigwe kazi kwanza, lijae na kukauka, livuje na kutengenezwa, ndipo niseme. Kwa ufupi, ndicho kifaa kilichotusaidia kuliko vyote tulivyonunua tangu mtambo wa kwanza. Nusu ya sifa naupa ubao wa chaki tuliouning'iniza ukutani kabla ya kulinunua, na itabidi nianzie huko, kwa sababu bila ubao ule tungenunua kitu kingine kabisa.

Tulikuwa na matangi manne ya kuchachushia, kila moja lita 1,000, na mtambo wa kupikia unaotoa kiasi hichohicho kwa siku. Kila wiki tulikataa oda. Baa zilizokuwa zikisubiri bia yetu zilifika kumi na moja. Shemeji yangu, mume wa dada, ndiye anayeshika hesabu, na alikwisha kuletewa bei ya mtambo wa lita 2,000 pamoja na matangi manne ya kuendana nao. Benki ilikuwa tayari kutusikiliza. Kwa macho ya mtu yeyote jibu lilikuwa wazi: wateja wapo, bia haitoshi, panua.

Nikamwambia, "Shemeji, nipe wiki nane." Ubaoni kila tangi likapata mstari wake: siku lilipojazwa, siku haidromita, kipimo cha sukari iliyobaki kwenye bia, ilipotulia, siku ya kupoza, siku bia ilipotoka yote. Hakuna utaalamu hapo, ni kuandika tu kila asubuhi kabla ya kuwasha kitu chochote. Wiki ya sita nilishaona tatizo, na wiki ya nane hata shemeji aliliona. Bia zetu ni za hamira ya juu, ile inayofanya kazi kwenye joto, kwa hiyo zinachachuka haraka. Siku ya 13 au ya 14 zilikuwa zimeiva na kupoa. Tangi lilikuwa linaachwa tupu siku ya 21.

Wiki nzima! Bia iliyokwisha iva ilikuwa imekaa ndani ya tangi la kuchachushia ikisubiri gesi (kaboni dioksidi ya kuipa povu), ikisubiri kegi, mapipa ya chuma tunayouzia bia, zirudi, ikisubiri kegi zioshwe, ikisubiri kijana wa usambazaji amalize mzunguko. Tulikuwa tumegeuza chombo chetu cha thamani kuwa stoo, halafu tunalia kwamba hatuna nafasi ya kupika. Mtambo wa lita 2,000 ungetupa bia nyingi zaidi ya kusubiri palepale.

Basi tukanunua tangi moja, hili la kupumzishia: linapokea bia iliyoiva, linaipoza hadi nyuzi 1, linaitia gesi, na kegi zinajazwa kutoka humo. Siku ileile bia inapohamia, tangi la kuchachushia linaoshwa na kupokea mkupuo mwingine. Muda wa bia kwenye tangi la kuchachushia ukashuka kutoka siku 21 hadi 15. Piga hesabu: tangi lililokuwa na mizunguko 17 kwa mwaka sasa linaweza kufanya 24. Kwa matangi manne hiyo ni kutoka mikupuo 68 hadi 96. Hayo ni ya karatasini. Sisi mwaka uliopita tulipika 63, na kwa mwendo wa sasa tutamaliza mwaka na kama 81. Naridhika nayo, kwa sababu mafundi ni walewale na mtambo wa kupikia ni uleule.

Sasa chombo chenyewe. Ni chuma kisichoshika kutu, ujazo wa jumla lita 1,150 ili pabaki nafasi ya gesi juu, presha ya kazi mwisho bari 2, koti la glaikoli (kimiminika cha kupoza) mbavuni, jiwe la gesi lenye vitundu vidogo vya kuingizia gesi kwenye bia karibu na kitako, mrija wa kuonyesha kiwango, vali ya usalama na mlango wa ubavuni. Kinachonifurahisha zaidi ni jiwe la gesi. Zamani kuitia bia gesi ndani ya tangi la kuchachushia kulituchukua siku mbili na bado kegi ya kwanza na ya mwisho zilitofautiana. Sasa naacha usiku mmoja, nyuzi 1, presha bari 0.8, na asubuhi bia imeshika gramu 5 hivi za gesi kwa lita, sawasawa kutoka juu hadi chini. Koti nalo ni zuri. Umeme ulipokatika kwa saa saba bia ilipanda nyuzi moja tu.

Kasoro zipo, na nitazisema zote. Lilichelewa kuletwa wiki nne, na kwa wiki tatu kati ya hizo muuzaji hakupokea simu. Mshono wa kuchomelea karibu na kitako ulikuwa na makwaruzo ninayoyasikia kwa kidole, mahali ambapo vijidudu vingejificha vizuri sana. Ilibidi tumlete fundi wetu aulainishe na kuuosha kwa asidi kabla ya kuingiza hata tone la bia. Gasketi ya mlango ilivuja mara mbili mwezi wa kwanza. Na kitako hakikuinamishwa vya kutosha: kila tunapomaliza kutoa, lita 6 zinabaki humo ndani. Kwa mikupuo 61 hizo ni lita 366, kegi 12 na zaidi, zimekwenda mtaroni. Hilo linaniuma kuliko kuchelewa kwa muuzaji.

Mikupuo mitano ya kwanza tuliiharibu wenyewe, ingawa maelekezo ya tangi hayakusaidia. Tulidhani kupuliza gesi kidogo kunatosha kuondoa hewa. Bia ya hopsi nyingi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, ilitoka na harufu nzuri, na wiki ya tatu ikaanza kuonja kama karatasi iliyolowa. Hewa iliyobaki ilikuwa imeingia kwenye bia. Siku hizi tunajaza tangi maji yenye dawa mpaka juu, kisha tunayasukuma yote yatoke kwa gesi. Kwa tangi la ukubwa huu inakula kilo 2 hivi za gesi, au zaidi kama unasukuma kwa presha kubwa, na sijutii hata gramu. Uwe na kipima gesi chumbani na uache mlango wazi; gesi hiyo haionekani na inaua.

Jambo ambalo hakuna muuzaji wa matangi atakayekuambia ni kegi. Tulipopika 63, tulitoa kama kegi 40 za lita 30 kwa wiki. Kila kegi ilikuwa inakaa nje wiki sita kabla ya kurudi. Arobaini mara sita ni 240, nasi tulikuwa na 250, kwa hiyo tulikuwa tunapumulia puani bila kujua. Kwa mwendo wa mikupuo 81 unahitaji kegi 52 kwa wiki. Mara sita ni 312. Mwezi wa pili wa tangi jipya bia ilikuwa tayari na hapakuwa na kitu cha kuitilia, na wiki ile ya kusubiri ambayo tulidhani tumeiua ikarudi, imehamia tangi lingine tu.

Shemeji akataka kununua kegi 70. Tukaanza na jambo lisilo na gharama: kegi iliyojaa haishuki garini mpaka tupu ipande. Kijana wetu wa usambazaji alipata maneno makali kwa mwezi mzima, na baa moja ikatuacha. Lakini kegi zikaanza kurudi baada ya wiki nne na nusu. Hamsini na mbili mara nne na nusu ni 234. Kegi zilezile 250 zikatosha. Kama kuna mtu anasoma haya akiwa njiani kwenda kusaini mkopo, tafadhali hesabu kwanza kegi zako zinakaa nje siku ngapi.

Na zile baa kumi na moja? Hapa ndipo niliposhukuru kwamba hatukuenda benki. Nilipozipigia simu kuwaambia bia ipo, tatu zilisema zimeshajaza bomba zao. Mbili zilitaka kegi moja ya kujaribu. Mbili nyingine zilikuwa zimezoea kuagiza sita kwa kujua tutawapa tatu, na tulipowapa sita wakapunguza oda iliyofuata. Mwenye baa anayefuata bia za viwanda vidogo hupenda kubadilisha bomba kila wiki, maana wanywaji wake wanauliza kipya ni kipi. Oda yake ya leo ni ya kweli kabisa, na wiki ijayo anaweza asikuhitaji. Mimi nilikuwa nikiziandika oda tulizokataa kama mauzo tuliyopoteza. Sasa naandika nani ameagiza tena bila kukumbushwa, na orodha hiyo ni fupi zaidi na ndiyo ninayopikia.

Tulibishana sana nyumbani kuhusu hili, na si kwa sababu shemeji ni mtu wa haraka. Alikuwa na hoja. Alinikumbusha New Albion, kiwanda kilichoanzishwa Sonoma, California, mwaka 1976 na kuwapa njia karibu wote waliofuata. Kilifungwa 1982 kwa sababu kilikuwa kidogo mno kujilipa na hakikupata fedha za kukua. Udogo nao unaua, na ninayeosha matangi yangu kwa mikono yangu nalijua hilo. Mimi nikamjibu kwa Green Flash ya San Diego, iliyofungua kiwanda cha pili Virginia Beach mwishoni mwa 2016 na kukifunga Machi 2018, na Stone, kiwanda kingine cha California, iliyofungua tawi Berlin 2016 na kuliuza kwa kampuni ya bia ya BrewDog 2019. Hao hawakuwa wageni kazini. Dada, aliyekuwa anatusikiliza tu, akasema kuna watawa wa Westvleteren kule Ubelgiji ambao bia yao ilitajwa kuwa bora duniani mwaka 2005, foleni zikajaa barabarani, na wao wakaendelea kupika kiasi kilekile kinachotosha kuendesha abasia. Sisi si watawa, tuna mishahara ya kulipa. Lakini baada ya hapo tulikubaliana kununua kitu kimoja kwa wakati mmoja, kile ambacho ubao unakionyesha.

Uzuri wa tangi moja ni kwamba kosa lake ni dogo. Ukiongeza mtambo mzima, unalazimika pia kufunga mkataba wa hopsi wa miaka kadhaa mbele, kwa sababu mmea wenyewe unachukua kama miaka mitatu kufikia mavuno kamili na wakulima hawawezi kukuongezea ghafla. Unahitaji makopo, na pale mwishoni mwa 2021 Ball, kampuni kubwa ya kutengeneza makopo, ilipotangaza kupandisha oda ya chini ya makopo yaliyochapwa, kwa wateja wasio na mkataba, kutoka lori moja hadi matano kwa kila lebo, yaani kama makopo milioni moja, wengi wa ukubwa wetu walijikuta nje. Tangi halikunidai ahadi yoyote ya namna hiyo. Miezi ya mauzo madogo linakaa tupu, limeoshwa, na haligusi mfuko wa mtu.

Usilinunue kama unapika zaidi bia za lager zinazohitaji wiki nne hadi sita za kutulia kwenye baridi. Hapo kinachokubana ni muda wa kuiva, na tangi moja kama hili litaziba siku ya kwanza. Usilinunue pia kama matangi yako ya kuchachushia yanakaa tupu hata siku tatu kwa mwezi. Tatizo lako liko kwenye mauzo. Ukiamua kuagiza, dai kitako chenye mwinamo wa kutosha na uandikiwe ni lita ngapi zinabaki. Dai picha za mishono kwa ndani kabla ya malipo ya mwisho, na gasketi mbili za ziada za mlango.

Shemeji ameanza kuzungumzia tangi la pili la aina hii. Hesabu yake si mbaya: matangi manne kwa siku 15 yanatoa mkupuo kila siku tatu na robo tatu, na hili moja linahitaji karibu muda huohuo kutia gesi, kujaza kegi na kuoshwa, kwa hiyo tumefika ukingoni. Nimemwambia tutaagiza ubao ukionyesha miezi mitatu mfululizo ambayo bia iliyoiva imesubiri tangi hili zaidi ya siku tano kwa mwezi. Mwezi uliopita ilisubiri siku mbili.