Lifti ya hoteli moja ya Tanga: siku nne kati ya chini na ghorofa ya tano

Nimekaa siku nne katika hoteli moja ya ghorofa tano jijini Tanga, upande wa Chumbageni, na tathmini hii inahusu lifti yake tu. Chumba kilikuwa safi, chai ya asubuhi ilikuja na mkate wa kumimina, na hayo yanatosha. Hoteli hiyo niliichagua kwa sababu ya lifti, kwa kuwa nilifuatana na mama yangu, aliyeteremka kutoka Lushoto kutibiwa goti, na kwake kupanda ngazi zote hizo ni adhabu.

Kwa kutazama tu, lifti haina kasoro: kioo kimefutwa, taa inawaka, na kibao cha ndani kinaeleza kuwa inabeba watu 8 au kilo 630. Chini ya kibao hicho pana fremu ya cheti cha ukaguzi, na hapo ndipo nilipoanza kuingiwa na shaka, kwa sababu tarehe ya ukaguzi unaofuata ilikuwa imepita miezi 14. Siku ya pili, tulipokuwa ghorofa ya tatu, lifti iliondoka kabla mlango haujafunga, ukiwa umebaki wazi upana wa kiganja, na ukuta ukawa unapita mbele ya macho yetu. Mama alinishika mkono akauliza, "Mwanangu, chombo hiki kinakwenda na mdomo wazi?"

Kijana wa mapokezi, ambaye kila asubuhi alimwamkia mama shikamoo, alieleza bila kuficha kwamba swichi ya mlango, ile inayoizuia lifti kuondoka mlango ukiwa wazi, ilikuwa ikiisimamisha mara kwa mara, wageni wakawa wanalalamika, basi fundi akaunganisha umeme moja kwa moja bila kuipitia swichi hiyo, "ili isisumbue." Alinifungulia boksi nikaona mwenyewe: kipande cha waya wa shaba, kirefu kama kidole, kimekunjwa na kuzungushiwa utepe mweusi wa umeme.

Nilipokiona kipande hicho nilikumbuka Italia. Tarehe 23 Mei 2021, katika mlima Mottarone, waya unaovuta kibanda cha abiria angani ulikatika kibanda kikiwa karibu kufika kituo cha juu. Breki ya dharura, ambayo kazi yake ni kuung'ang'ania waya unaobeba kibanda pindi ule wa kuvuta unapokatika, haikushika, kwa kuwa ilikuwa imezuiwa kwa vibanio vya chuma. Ilikuwa ikijifunga ovyo na kukatiza safari, ikaonekana heri inyamazishwe. Kati ya watu 15 waliokuwamo walikufa 14, akapona mtoto mmoja wa miaka mitano. Wakati huo Umoja wa Ulaya ulikuwa tayari na kanuni yake ya usafiri wa nyaya, namba 2016/424, iliyoanza kutumika Aprili 2018, lakini kanuni iliyo kwenye karatasi haichomoi kibanio. Ndiyo maana mimi huvutiwa zaidi na utaratibu wa jimbo la Colorado, Marekani, ambako tangu mwaka 1965 ipo bodi ya serikali inayotoa leseni kwa mitambo ya kupandisha watelezaji wa theluji milimani, na wakaguzi wake hufika hata bila kupiga hodi.

Mama hakushangazwa na habari za nyaya. Wazee wake wa Mkumbara, chini ya milima ya Usambara, walimsimulia jinsi Wajerumani, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walivyoteremsha mbao za mierezi kutoka msitu wa Shume hadi reli kwa njia ya waya iliyojengwa na kampuni ya Bleichert ya Leipzig, yenye urefu wa kilomita 9 hivi. "Ule ulibeba mbao," alisema, "huu unatubeba sisi."

Kwetu, kazi ya ukaguzi ni ya OSHA, wakala unaosimamia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Mwaka 2019 tulibishana nchi nzima kuhusu mpango wa magari ya nyaya ya Mlima Kilimanjaro, zaidi upande wa mazingira na ajira za wapagazi. Nami nikiwa ndani ya lifti ile nilijiuliza ni nani angekuwa anafungua maboksi ya breki huko juu, na mara ngapi kwa mwaka.

Meneja alinisikiliza kwa adabu, akatuhamishia chumba cha chini kwa bei ileile na kuahidi kumwita fundi, ambaye nahofia ni yuleyule. Kwa hiyo chumba nakipa nyota nne na lifti haipati hata moja. Mwenye mgonjwa au mtoto na aombe chumba cha chini tangu anapoweka nafasi. Asubuhi tuliyoondoka lifti ilikuwa ikipanda na kushuka kama kawaida, mlango wake bado wazi upana wa kiganja, na ile fremu ya cheti ilikuwa imeondolewa. Ukutani ilibaki misumari miwili.