Gesti ya Kiembe Samaki karibu na uwanja wa ndege: chumba kizuri, dirisha ndo tatizo

Wiki iliopita nimelala siku mbili gesti moja Kiembe Samaki, Unguja, nilikuwa namsindikiza mama anakwenda kutibiwa na ndege yake alfajiri, sisi watu wa Mkoani Pemba huwezi kutegemea boti ya siku ile ile. Jina la gesti silitaji, mwenyewe ni mzee msikivu na tushazungumza.

Mazuri yapo. Mashuka safi, maji hayakukatika, chai ya asubuhi mkate wa ufuta na maharage ya nazi, elfu 60 chumba cha watu wawili, daladala za 505 zinapita hapo hapo na uwanjani unafika dakika chache tu.

Lakini kelele jamani. Dirisha la aluminiam kioo kimoja, juu bati na silingi bodi nyembamba, ndege ikipita saa nane za usiku mama anakaa kitako kitandani. Tukafunga dirisha tukawasha kiyoyozi, ikapungua lakini haikwisha, alafu umeme wa Tukuza, huu wa kulipia kabla, unakwenda mbio na anaelipa ni mzee. Ukifungua upate upepo ndo basi tena, dirisha likiwa wazi linapunguza kelele desibeli kama 10 hadi 15 tu.

Asubuhi tumekaa barazani nikamwambia, mzee, hapa panapokuletea wateja ndo panapowafukuza. Akanijibu, "Mwanangu, ndege ndo zinazonilisha, ila nilipojenga hakuna alonambia niweke dirisha gani." Hilo neno nimeondoka nalo.

Maana wenzetu wanalipanga kabla ya tofali la kwanza. Australia wanachora ramani ya kelele kuzunguka uwanja, nyumba ya kuishi na skuli inakubalika chini ya alama 20 za kipimo chao cha kelele za ndege, kati ya 20 na 25 mpaka uzibe kelele vizuri, zaidi ya hapo haifai. Hoteli wameipandishia, chini ya 25 sawa, mpaka 30 kwa masharti. Mie naona wana haki, mgeni analala usiku mmoja anaondoka, mtoto wa jirani analala hapo miaka yote. Marekani nao ndege moja ya kati ya saa nne usiku na saa moja asubuhi kwenye hesabu inabeba uzito wa ndege 10 za mchana.

Kwetu tukiweka kanuni kali hivyo gharama zipo, nisiseme uongo. Kioo cha tabaka mbili na silingi nzito ni pesa, na mwenye kiwanja karibu na njia ya kurukia akiambiwa hapa usijenge nyumba ya familia bei ya kiwanja inashuka, lazima naye afikiriwe. Lakini tukilegeza kila mtu ajenge atakavyo, watu wanajaa, malalamiko yanakuja, mwisho ndege za usiku zinafungiwa, kama Sydney hairuhusiwi ila chache kati ya saa tano usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Sisi kisiwa tunakula kwa wageni, kufunga usiku kutamuumiza huyu mzee, dereva wa teksi, mpaka muuza samaki wa hotelini. Na walioshajenga wasiachwe wenyewe, Sydney hiyo hiyo waliweka tozo kwa ndege zinazotua ikalipia kuziba kelele kwenye nyumba na skuli.

Jambo jengine msiliache mkichagua siku. Njia yetu ya kurukia inalala kaskazini na kusini na ndege inatua na kuruka ikielekea upepo, kwahivo wakati wa kusi zinakuja kutua zikipitia huku upande wa mjini, kaskazi zinaruka kuelekea huku huku, na kuruka kuna kishindo zaidi. Hata kupima kelele ukipima msimu mmoja tu umekosea.

Kwa sasa ukienda omba chumba cha nyuma, ghorofa ya chini, tulihamia huko usiku wa pili na mama alilala mpaka adhana. Huduma nawapa 4 kwa 5, usingizi 2. Mzee kasema ataanza na vyumba viwili vya mbele, kioo na silingi mpya, na mama akirudi Inshaallah mwezi ujao tutalala kimoja wapo niwaambie kama imesaidia.