Kujijengea kibodi ya mekanika: kipi kinunuliwe kwanza na kipi kingoje

Anayeamua kujijengea kibodi ya mekanika, yaani ile ambayo kila kitufe kina swichi yake chini, tangu mwanzo, badala ya kununua iliyokwisha kuunganishwa kiwandani, mara nyingi huanza kwa kutafuta kasha la kupendeza na kofia za vitufe za rangi anayoipenda, ilhali hivyo ndivyo vitu vinavyoweza kubadilishwa wakati wowote bila kugusa kingine. Swichi, kidhibiti (bodi ndogo inayosoma vitufe na kuiarifu kompyuta) na bamba (sahani inayoshikilia swichi) ndivyo vinavyomfunga mtu mikono, kwa kuwa kila kimoja huamua vipimo au nyaya za kinachofuata. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo, na unachukua mfano wa kibodi ya 60%, yenye vitufe 61 katika mistari 5, isiyo na vitufe vya F wala vile vya namba vya pembeni, ambayo inamtosha mtu anayeandika kila siku bila kumlazimu kujifunza upya mahali pa herufi.

Swichi

Swichi nyingi zinazouzwa leo zinafuata umbo la MX lililobuniwa na kampuni ya Cherry ya Ujerumani. Tangu hataza yake ilipokwisha, viwanda vya China kama Gateron, Kailh na Outemu vinatengeneza swichi za umbo hilo hilo kwa bei ya chini, na baadhi, kwa maoni yangu, ni laini kuliko zile za Cherry. Zipo za aina tatu: zinazoshuka moja kwa moja, zinazomfanya mtu ahisi kinundu kidogo katikati ya safari, na zinazotoa kinundu pamoja na mlio.

Nafasi ya kwanza naipa swichi nyepesi inayoshuka moja kwa moja: Gateron Yellow, inayohitaji nguvu ya takriban gramu 50, au Cherry MX Red ya takriban gramu 45. Sababu yangu inatokana na Kiswahili chenyewe, kwani herufi A ndiyo inayojirudia zaidi katika maandishi yetu, nayo katika mpangilio wa QWERTY imewekwa chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho ni dhaifu kuliko karibu vyote. Neno «wakaachana» peke yake lina A 5 kati ya herufi 10, na anayeandika kutwa nzima kwa swichi nzito kama Cherry MX Black ya gramu 60 atajua mahali A ilipo kabla ya saa za alasiri. Miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya Kiingereza haina haja ya kulijali jambo hili, kwa sababu lugha hiyo hutumia zaidi E, iliyo chini ya kidole cha kati.

Nafasi ya pili ni ya swichi zenye kinundu, mfano Cherry MX Brown, zinazomfaa anayetaka kidole kimweleze kwamba herufi imepokelewa. Za mlio, kama Cherry MX Blue, naziweka mwisho bila kusita kwa yeyote anayeshiriki chumba au ofisi na watu wengine. Kuna hali moja inayoweza kuvuruga mpangilio huu: penye vumbi jingi, swichi za Kailh za aina ya Box, ambazo kitovu chake kimezungushiwa kuta, hustahimili vizuri zaidi, na zinapatikana katika aina zote tatu. Kwa vyovyote, nunua 70 ili ubaki na 9 za akiba.

Kidhibiti

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupoteza fedha, kwa sababu bodi hizi hufanana kwa macho na bei zake hazitofautiani sana. Kidhibiti hakiunganishwi na kila swichi kwa waya wake. Swichi hupangwa katika safu mlalo na safu wima, na kila safu hupewa pini moja. Kibodi yetu ina safu mlalo 5 na safu wima 14, hivyo inahitaji pini 19. Pro Micro, bodi yenye chipu ya ATmega32U4 ambayo kwa miaka mingi ilikuwa chaguo la kawaida, ina pini 18 za kutumia. Inapungukiwa na pini moja tu, na ingawa zipo mbinu za kupanga safu upya ili zitoshe, mjenzi wa mara ya kwanza hana sababu ya kujitwisha hesabu hiyo.

Kwa hiyo nafasi ya kwanza ni ya Raspberry Pi Pico, iliyotoka Januari 2021 kwa bei ya dola 4, yenye pini 26 na kumbukumbu ya megabaiti 2, dhidi ya kilobaiti 32 za ATmega32U4. Kuipakia programu ni kazi rahisi: unashikilia kitufe cha BOOTSEL huku ukichomeka kebo, bodi inajitokeza kwenye kompyuta kama flashi, kisha unaburuta faili ndani yake. Programu ya QMK, inayotolewa bure, inafanya kazi juu yake, na humruhusu mwenye kibodi kukipa kitufe chochote kazi aitakayo. Q na X hazitumiki katika maneno ya Kiswahili, hivyo mojawapo inaweza kuagizwa itoe ng' yote kwa mguso mmoja.

Nafasi ya pili ni ya bodi zenye chipu ya nRF52840, mfano nice!nano, kwa anayetaka Bluetooth. Hizo hutumia programu ya ZMK na zinahitaji betri, gharama ambayo kwa kibodi isiyotoka mezani sioni faida yake. Pro Micro inabaki ya tatu, ifae kibodi ndogo zaidi.

Bamba

Swichi ya MX huingia katika tundu la mraba wa milimita 14, na kutoka kitovu cha kitufe kimoja hadi cha jirani yake ni milimita 19.05. Vishikizo vyake vimetengenezwa kwa bamba lenye unene wa milimita 1.5, na kipimo hiki ndicho kinachosahauliwa. Alumini ya milimita 1.5 iliyokatwa kwa mashine ndiyo ya kwanza kwangu. Chuma cha kawaida ni kigumu zaidi, lakini kwa wakazi wa Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam hewa ya chumvi haikiachi salama, labda kiwe cha pua. Akriliki ya milimita 3, ambayo mafundi wa mabango wenye mashine za leza huwa nayo daima, ni ya mwisho ingawa ni rahisi kuipata: swichi haitanasa, itakaa kwa gundi tu. Fundi yeyote utakayemchagua, mwombe kwanza akate kipande chenye tundu moja, kwa sababu leza hula ukingo na tundu la milimita 14 laweza kutoka likiwa pana.

Nyaya au bodi ya saketi

Kwa kibodi ya kwanza napendekeza kuunganisha kwa mkono. Utahitaji lehemu, waya mwembamba na daiodi 61 za 1N4148, vipande vidogo vinavyopitisha umeme upande mmoja tu. Bila daiodi, kubonyeza kwa pamoja vitufe vitatu vilivyo kwenye pembe za mstatili mmoja huzaa herufi ya nne ambayo hukuiandika. Kila daiodi ina mstari mweusi upande mmoja. Mistari yote ielekee upande ule ule, kwani ikigeuzwa moja, kitufe chake kitakuwa bubu.

Kuchora bodi yako mwenyewe kwa programu ya KiCad na kuiagiza China ni chaguo la pili, na ni zuri kwa anayetaka soketi za kuchomoa swichi bila kuyeyusha lehemu. Lakini zile bei za kuvutia zinazotangazwa na viwanda kama JLCPCB ni za bodi zisizozidi milimita 100 kwa 100, wakati kibodi hii ina urefu wa karibu milimita 286, na idadi ya chini ya kuagiza ni bodi 5. Jumlisha usafiri, kisha kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni 18% Tanzania Bara na 16% Kenya, ndipo uamue.

Vilivyobaki

Vitufe virefu huhitaji vidhibiti mwendo ili visiyumbe: vinne vya ukubwa wa 2u (u ni upana wa kitufe cha kawaida) kwa Backspace, Enter na Shift mbili, na kimoja cha 6.25u kwa kitufe cha nafasi. Visivyopakwa grisi hugonga kama bati, kwa hiyo grisi inunuliwe pamoja navyo. Kofia za vitufe za plastiki ya PBT zinadumu bila kung'aa kwa mafuta ya vidole kuliko za plastiki ya ABS, na tofauti ya bei mara nyingi ni ndogo. Kasha laweza kuwa la mbao, la seremala wa mtaani, na linaweza kungoja hata miezi.