Kompyuta ya Kwanza ya Mzee: Ununue Ipi Hapa Mombasa?

Watu wakienda kumnunulia mama au babu kompyuta huanza kwa kuuliza bei, halafu kasi. Sisi tungeanza na mambo ambayo muuzaji hatakuuliza: macho yake, vidole vyake, na stima ya nyumba anayoishi. Bibi wa Mji wa Kale anayetaka kumwona mjukuu aliye ughaibuni hahitaji mashine moja na mzee wa Kisauni anayetaka kuandika kumbukumbu za kamati ya msikiti na kujaza fomu za KRA mwenyewe. Tumezipanga kuanzia ile ambayo tungeitolea pesa kwanza.

1. Laptopu ya ex-UK ya inchi 14, isiyoondoka mezani

Kilichoipa nafasi ya kwanza ni betri. Stima ikipotea mzee anaendelea na kazi yake, hapotezi alichoandika wala hashtuki. Maduka ya mjini yamejaa mashine zilizotumika maofisini Uingereza: HP EliteBook, Lenovo ThinkPad, Dell Latitude. Ni imara kuliko laptopu mpya ya bei hiyohiyo na mafundi wengi wanazijua.

Lakini usibebe yoyote tu. Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa kawaida hutaka prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel ya kizazi cha 8 au baadaye. EliteBook 840 G3 na G4 ni za vizazi vya 6 na 7. Utazikuta zimewekewa Windows 11 kwa njia ya mkato, zinawaka vizuri tu, mpaka siku sasisho kubwa linapogoma. Anzia G5, au ThinkPad T480. Hata hapo usitegemee jina la modeli, kwa sababu baadhi ya hizo zilitoka kiwandani na prosesa ya kizazi cha 7. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua System, usome jina la prosesa. Ikiwa ni i5-8350U, ile 8 baada ya kistari ndiyo unayoitafuta. Ikiwa ni i5-7300U, irudishe.

RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, iwe GB 8, na diski iwe SSD (isiyozunguka) ya GB 256. Diski ya kuzunguka ikataeni kabisa. Mashine inayochukua dakika tatu kuwaka humfanya mzee adhani imekufa, akaanza kubonyeza kitufe cha kuwasha mara ya pili na ya tatu, ikazimika katikati ya kuwaka na mafaili yakaharibika.

Skrini nayo ina hila. Fungua ukurasa mweupe wenye maandishi, kisha ulaze skrini nyuma polepole. Maandishi yakififia au rangi zikigeuka, hiyo ni skrini ya aina ya TN, na mzee atahangaika kutafuta pembe ya kuonea. Tafuta ya aina ya IPS, ambayo huonekana vizuri hata kwa pembeni, 1920 kwa 1080, isiyong'aa kama kioo. Mwenye mtoto wa jicho huumizwa sana na mng'ao wa dirisha unaorudi machoni.

Sasa kibodi, jambo linalowavunja moyo wazee wengi bila mtu kujua sababu. Mashine za Uingereza zina alama ya @ kwenye kitufe kilicho karibu na Enter, na alama ya kunukuu iko juu ya 2. Duka likiweka Windows ya mpangilio wa Marekani, hizo mbili hubadilishana. Bibi anaandika anwani yake ya barua pepe, anabonyeza palipochorwa @, inatoka ", anafuta, anarudia, inatoka ". Anaamini amekosea yeye. Nenda kwenye mipangilio ya lugha, ongeza kibodi ya Uingereza, uondoe ya Marekani, kisha ujaribu kitufe hicho mwenyewe hapohapo dukani.

Ukiwa bado kaunta, fungua Command Prompt (dirisha la kuandikia amri), andika powercfg /batteryreport, ubonyeze Enter. Itakuandikia faili la ripoti lilikohifadhiwa, lifungue. Linganisha namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa ikijaa. Ikiwa kiwandani ilikuwa 50,000 na leo ni 22,000, hiyo ni chini ya nusu, na ndiyo sababu yenyewe ya kuchagua laptopu inakuponyoka. Dai betri nyingine au bei ishuke. Zima, uwashe tena huku ukibonyeza F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad au F2 kwa Dell, ili uingie mipangilio ya ndani ya mashine (BIOS). Ikidai nenosiri ambalo muuzaji hana, hiyo bado imefungwa na kampuni iliyoimiliki, achana nayo. Mulika matundu ya USB kwa tochi ya simu. Ukungu wa kijani au mweupe kwenye vyuma ni kutu, na hewa yetu ya chumvi haitaihurumia.

Ongeza kipanya cha waya. Kipadi cha kuguswa kinataka vidole vyepesi na visivyotetemeka, na kipanya kisicho na waya huisha betri siku ambayo hakuna mtu nyumbani. Weka laptopu mbali na dirisha linalotazama bahari. Kuifunika kanga ni vizuri, ila iwe imezimwa. Ikiwaka, matundu ya hewa yanataka kupumua.

Jambo la mwisho kuhusu laptopu ni soketi. Nyumba nyingine za zamani hazina waya wa ardhi kwenye soketi, na ziko ekstensheni za bei rahisi ambazo pini ya tatu ni pambo tu. Laptopu ya bodi ya chuma ikichajiwa hapo, anayeigusa huhisi kama sisimizi wanatembea chini ya kiganja. Mama akihisi hivyo mara moja hataigusa tena, na ana haki. Mwite fundi wa stima apime waya wa ardhi kabla ya kompyuta kufika.

2. Tableti ya inchi 10 au zaidi, pamoja na stendi

Kwa anayetaka kupiga simu za video, kusikiliza Qurani au mahubiri na kusoma habari, hii hupanda ikawa ya kwanza. Hakuna kipanya cha kujifunza, na chaji hudumu muda mrefu. Haifai kwa anayeandika.

Shida yake iko kwenye vidole. Ngozi ya uzeeni ni kavu, na skrini wakati mwingine haiihisi, kwa hiyo mzee hubonyeza kwa nguvu na kwa muda. Tableti hudhani ameshikilia makusudi, ikafungua menyu nyingine au kusogeza aikoni. Kwenye Android ingia Accessibility, utafute muda wa kugusa na kushikilia, uuweke mrefu zaidi. Kalamu ya mpira ya skrini nayo husaidia.

WhatsApp ya iPad ilitoka Mei 2025, lakini ukiiunganisha tableti na akaunti iliyo kwenye simu yake, simu ikikaa zaidi ya siku 14 bila kutumika, tableti hutolewa kwenye akaunti hiyo. Kwa hiyo simu yake ya zamani isitupwe droo. Ukinunua iPad iliyotumika, mwenye duka aifute na kuianzisha upya mbele yako. Ikiuliza akaunti ya mtu mwingine, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

3. Kompyuta nzima ndani ya skrini, inchi 24

Kwa macho hakuna inayoishinda. Herufi ni kubwa, shingo haiinami, na mashine kama HP EliteOne 800 G4 huweza kuwa na prosesa ya kizazi cha 8. Kama stima yetu ingetulia tungeiweka ya kwanza. Haina betri, kwa hiyo lazima ununue UPS (kisanduku cha betri ya akiba), angalau ya VA 650, itakayompa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima. Betri ya UPS ni ya risasi na haipendi joto; kwa joto letu la Februari na Machi, tarajia kuibadilisha baada ya miaka miwili hivi. Kama hakuna kijana wa kukumbuka hilo, rudi kwenye laptopu.

4. Chromebook

Ni laptopu inayotumia ChromeOS ya Google badala ya Windows, nyepesi na salama. Angalia kwanza masasisho yake yanaisha mwaka gani, kwenye mipangilio, sehemu ya About ChromeOS. Nyingi zilizotumika zilikuwa za shule za ng'ambo. Ukiifuta ikarudi kusema inasimamiwa na shule fulani, haitakuwa yako kamwe.

Tusizopendekeza ni mbili. Laptopu mpya ya bei ya chini yenye RAM GB 4 na hifadhi ya GB 64 huanza kujaa kwa masasisho ya Windows yenyewe. Na kompyuta aliyoichoka mjukuu: ikiwa kijana imemshinda, nyanya ataiwezaje?

Kabla ya kumkabidhi

Panua maandishi hadi asilimia 150, ukuze mshale, upunguze kasi ya kubonyeza mara mbili. Mfungulie akaunti ya kawaida isiyo ya msimamizi, ili programu mbaya isijiweke kirahisi. Kama anatumia data ya simu, weka Wi-Fi hiyo iwe ya kupimwa (metered connection), ili Windows ipunguze kupakua masasisho yenyewe. Microsoft hutoa masasisho kila Jumanne ya pili ya mwezi, na bando linaweza kumalizika usiku mmoja. Mwonyeshe Quick Assist, programu ya Windows ya kusaidia kwa mbali, ili wewe uliye Nairobi umpe msimbo auingize na uione skrini yake, na mkubaliane kwamba haingizi msimbo wa mtu mwingine yeyote. Ukurasa ukijaza skrini na kupiga kelele kuwa kompyuta ina virusi, na namba ya simu ya kupiga, abonyeze Alt na F4 pamoja, au azime kabisa. Asipige namba hiyo.

Mwandikie haya kwa kalamu nene kwenye daftari moja linalokaa kando ya kompyuta: hatua za kuwasha, za kupiga simu ya video na za kuzima. PIN ya M-Pesa isiandikwe humo.