Skafu ya kijani na dhahabu: naipa nyota nne

Niliinunua kwa muuzaji wa kando ya barabara, karibu na Old Trafford, uwanja wa Manchester United, siku ya mechi. Imefumwa kwa uzi mzito, inakinga baridi ya Manchester barabara, na nimeifua bila rangi kuchuja. Nyota moja naikata kwa ajili ya matamvua: upande mmoja yameanza kunyofoka.

Lakini skafu hii hainunuliwi kwa baridi tu. Hizo ni rangi za Newton Heath, jina la klabu kabla ya 1902. Familia ya Glazer, matajiri wa Marekani, iliinunua Manchester United mwaka 2005 kwa mikopo, na klabu yenyewe ikatwishwa deni kubwa. Mwaka 2010, kuwapinga Glazer, mashabiki wakaweka kando nyekundu, rangi ya klabu, majukwaa yakajaa kijani na dhahabu. Hata David Beckham, nyota wetu wa zamani, alipokuja na AC Milan ya Italia wakafungwa 4-0, aliiokota skafu uwanjani akaivaa shingoni. Sisi tuliokulia Tanga tukiishangilia United redioni, yale yalitugusa mno!

Naupenda mgomo huu kwa sababu wewe shabiki unaimba kwa ajili ya wachezaji huku mwenye mali akiona kabisa kwamba humtaki. Ukitaka yako, nunua kwa wauzaji wa nje, usipeleke pesa duka la klabu.