Opinel Na. 8 kwa mvuvi: ya mbao au ya plastiki?

Ukitaka kujua kisu cha kukunja kitadumu vipi kwenye kazi ya samaki, kifungue na uchungulie ndani ya mwanya unaopokea ubapa. Huko ndiko ute, damu, magamba na chumvi vinakoishia, na mswaki haufiki kirahisi. Makali yakiisha unanoa, ubapa ukishika madoa unasugua. Lakini uchafu uliojibana nyuma ya springi huuoni mpaka kisu kianze kunuka mfukoni au komeo ligome kushika. Kwa kipimo hicho tumeitazama Opinel Na. 8 katika sura zake mbili, ya mpini wa mbao na ile ya plastiki inayoitwa Outdoor, tukaiweka kando ya visu vingine ambavyo watu hununua kwa kazi hiyohiyo.

Opinel ni kisu cha Savoie, Ufaransa, kinachotengenezwa tangu 1890. Kina sehemu tano tu: ubapa, mpini, pini ya kuzungukia, kola ya chuma isiyosogea, na pete inayozunguka juu ya kola hiyo ili kuzuia ubapa. Pete, kwa jina la kiwandani Virobloc, iliongezwa 1955, na tangu 2000 inafunga pia kisu kikiwa kimekunjwa, kisije kikafunguka chenyewe mfukoni. Ubapa una urefu wa sentimita 8.5 na mgongo wake haufiki milimita 2. Kisu kizima cha mbao kina gramu 45 hivi, kwa hiyo hata mfuko wa kaptula hauvutwi chini.

Wembamba huo ndio sifa yake kubwa kwenye samaki. Kwa changu, tasi au sato wa sahani, ncha inaingia kwenye tundu la nyuma na kupasua tumbo hadi chini ya matamvua bila kutoboa nyongo, na ukilaza ubapa unafuata mfupa wa mgongo bila kuacha mnofu mwingi. Unakata chambo cha ngisi vipande safi, unakata mshipi, na jioni unamenya embe. Usikitumie kupasua kichwa cha chewa mkubwa, kubandua chaza mwambani, wala kukongoa ndoana iliyozama kwenye mfupa. Ncha ni nyembamba, ikipindwa kwa nguvu inakatika. Kwa jodari na papa chukua kisu kisichokunjwa, hapo hakuna mjadala.

Sasa usafi. Mwanya wa Opinel ya mbao umezibwa nyuma, hivyo maji hayapiti moja kwa moja, na hilo ni kasoro. Ila ndani ya mwanya hamna kitu: hakuna springi, hakuna bati za pembeni, hakuna skrubu wala kishimo cha komeo. Kijiti cha mshikaki kilichozungushiwa kitambaa chembamba chenye sabuni kinafika kila pembe. Visu vingi vya bei ya juu haviwezi kusafishwa hivyo bila bisibisi.

Tatizo la Opinel ya mbao ni mbao yenyewe. Ubapa umebanwa katikati ya mashavu mawili ya mti wa beech, na mti huo ukinywa maji huvimba. Kiloweke kwenye ndoo pamoja na samaki kwa dakika chache na utakuta ubapa hautoki, au umetoka na haurudi. Usivute kwa koleo. Gonga kisigino cha mpini juu ya ubao au jiwe, upande wa mgongo ukitazama chini, na ubapa utachomoza kiasi cha kushikwa kwa vidole. Kisha kiache kivulini siku nzima. Jua kali hukausha mti haraka mno na kuupasua karibu na kola.

Dawa ni kuuziba mti kabla ya kuanza kuutumia. Kausha kisu vizuri, yeyusha nta ya nyuki au chukua mafuta ya kitani, tia matone ndani ya mwanya na kwenye shingo pale pini ilipo, fungua na kukunja mara kadhaa, acha hadi kesho yake, futa yaliyobaki, rudia. Mafuta ya alizeti usiyatumie. Huganda yakawa gundi, na gundi hiyo hushika mchanga. Hata baada ya kuzibwa, mbao hunyonya harufu. Mtu anayetaka kisu kimoja cha kutumbua samaki asubuhi na kukatia mkate ofisini mchana atalalamika, na atakuwa na haki.

Outdoor inaondoa hayo yote kwa mkupuo. Mpini ni wa nailoni iliyotiwa nyuzi za kioo: hauvimbi, haunyonyi, unasuguliwa kwa mswaki na sabuni bila huruma. Umeongezewa filimbi kwenye kisigino, na kwenye ubapa kuna tundu la kufungulia shakili za boti, yaani pingu za chuma za kuungia kamba na tanga. Wenye mashua za tanga za kisasa watalipenda tundu hilo.

Kwa samaki, hata hivyo, waliotengeneza mpini rahisi kusafisha wameuwekea ubapa mgumu kusafisha. Sehemu ya makali karibu na mpini ina meno ya msumeno. Meno hukata kamba ya nailoni au katani vizuri mno, lakini nyuzi za utumbo na vipande vya ngozi hujisokota humo, na kitambaa cha kufutia hukwama au hukatwa. Tundu la shakili nalo hukusanya ute kwenye kingo zake, na filimbi ni mwanya mwingine wa kukumbuka. Kunoa meno kunataka fimbo nyembamba ya kunolea, jino kwa jino; jiwe la kawaida halifai. Laiti ingeuzwa plastiki hii na ubapa wa ile ya mbao, makala haya yangekuwa mafupi.

Kwa hiyo uamuzi unategemea chumvi na kamba. Anayeshinda baharini, kisu kikilowa kutwa na kamba zikihitaji kukatwa, achukue Outdoor na avumilie meno. Anayevua ziwani, mtoni au ufukweni mwisho wa wiki na kubeba kisu siku nyingine kwa matunda, maboksi na mshipi, achukue ya mbao. Lakini hakikisha ubapa umeandikwa Inox, yaani chuma kisichoshika kutu kirahisi. Opinel hutoa pia ya chuma cha kaboni. Inanoleka haraka na inakata vizuri, ila kwenye upepo wa bahari huanza kutoa madoa ya kutu kabla siku haijaisha, na ukikatia ndimu hubadilika rangi papo hapo. Inox ni chuma cha Sweden kiitwacho 12C27, ambacho pia hunoleka bila taabu kwenye jiwe la kunolea lenye chembe za namba 1000. Weka ubapa nyuzi 20 hivi kutoka kwenye jiwe na uishie hapo. Ukiung'arisha kama kioo utateleza juu ya ngozi ya samaki badala ya kuuma.

Kasoro moja ni ya zote mbili: zinataka mikono miwili. Unafungua kwa ukucha kwenye kijichimbo cha ubapa, kisha unazungusha pete. Mkono mmoja ukiwa umeshika samaki anayejirusha, kazi hiyo haiwezekani, na vidole vyenye ute huteleza juu ya pete. Fungua kisu kabla hujamtoa samaki kwenye ndoana. Na usiruke pete eti kwa sababu kazi ni ndogo. Bila pete hakuna kinachozuia ubapa kurudi vidoleni isipokuwa msuguano.

Hapo ndipo visu vya Spyderco, kampuni ya Marekani, vya jamii ya Salt vinapoizidi Opinel. Tundu la mviringo kwenye ubapa linakuwezesha kukifungua kwa dole gumba moja, hata lenye glovu. Chuma chake, kwanza H1 na baadaye LC200N katika matoleo mengine, kimepewa naitrojeni kuchukua nafasi ya sehemu kubwa ya kaboni, na kwenye maji ya bahari hakishiki kutu kwa matumizi ya kawaida. Ukiweza kulipa mara kadhaa ya bei ya Opinel, ndicho kisu cha chumvi. Angalizo: matoleo mengi yana komeo la mgongoni, lenye kishimo ambamo jino la komeo hukaa. Gamba moja likilala kwenye kishimo, jino halizami lote, na kisu kinaonekana kimefunga kumbe kimeshikilia ncha tu. Kila baada ya samaki, bonyeza komeo chini ya maji yanayotiririka ubapa ukiwa nusu wazi, kisha pitisha kijiti.

Buck 110 ya Marekani, ya tangu 1964, ina komeo la aina hiyohiyo, lakini mgongo umezibwa kwa chuma na vichwa vya mpini ni vya shaba ya njano. Ni kisu imara cha kuchunia mnyama. Kwenye bahari, shaba hutoa ukungu wa kijani, na shaba ikigusana na chuma ndani ya maji ya chumvi, kuliwa kwa metali huharakishwa, tena mle ndani usikoona. Uzito wake unakaribia gramu 200. Kibaki nchi kavu.

Victorinox, visu vya Uswisi vyenye vifaa vingi, zile zenye kifaa cha kupara magamba na kukongoa ndoana zina chuma kizuri, lakini kila kifaa ni mwanya na springi yake. Zioshe kwa maji ya uvuguvugu ukifungua na kufunga kila kifaa, kisha tone la mafuta kila kiungo. Ukiwa na subira hiyo, sawa.

Okapi inastahili kutajwa kwa sababu ni kisu cha Afrika kwa historia: ilianza Ujerumani 1902 kwa soko la makoloni ya Wajerumani barani humu, na sasa hutengenezwa Afrika Kusini. Ni rahisi kwa bei, na pete yake ya kuvuta komeo inaeleweka hata gizani. Ila ubapa ni chuma cha kaboni, mpini ni mbao iliyopigwa ribiti, na springi ya mgongoni haitoki. Kwa kamba na nazi, safi kabisa. Kwa samaki wa bahari itakudai mafuta kila siku.

Utaratibu wa kuosha ni mmoja kwa vyote. Anza na maji baridi yasiyo na chumvi. Maji ya moto huivisha damu na ute, vikagandia kwenye kona kama yai kwenye sufuria. Damu ikishatoka ndipo uje na maji ya uvuguvugu na sabuni, mswaki laini, kijiti cha mwanyani. Kwa Opinel, zungusha pete mduara mzima chini ya bomba ili mchanga wa chini yake utoke. Kung'uta, futa, kisha kiache wazi mahali penye hewa mpaka asubuhi. Kukikunja kikiwa na unyevu kunaharibu kazi yote. Mwisho, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye pini, na ubapa uupake mafuta ya nazi kwa kidole, maana huo unagusa chakula.

Pete ikizidi kukwaruza baada ya mchanga, inatoka: tumia koleo la kupanulia klipu, ingiza ncha kwenye pengo la pete, panua kidogo tu, inua. Osha kola na pete, rudisha. Ukiipanua kupita kiasi italegea na kuzunguka ovyo. Ibane taratibu kwa koleo mpaka ishike tena.

Jik isikaribie kisu. Klorini yake hutoboa vishimo hata kwenye chuma kisichoshika kutu. Stili wulu nayo huacha chembe za chuma cha kawaida juu ya ubapa, chembe hizo zikishika kutu mtu analaumu kisu. Harufu ikibaki, sugua kwa ndimu dakika moja na usuuze. Kwenye ngalawa bila maji ya bomba, chupa ya nusu lita ya maji matamu inatosha kukiosha, na kama hata hiyo haipo, futa na ukiache wazi mpaka nchi kavu. Chumvi iliyokauka huvuta unyevu wa hewa, ndiyo maana kisu hushika kutu hata kikiwa sandukuni.

Kwa wasomaji walioko Uingereza: kisu cha kukunja unachoweza kubeba hadharani bila kueleza sababu hakina komeo, na makali yake hayazidi inchi 3, yaani sentimita 7.62. Opinel Na. 8 haimo. Victorinox ya kawaida isiyo na komeo imo.

Dukani au kwenye meza za Kariakoo, usitosheke na neno "stainless" lililogongwa kwenye ubapa. Hata vile vilivyoandikwa D2, aina ya chuma chenye kromu nyingi, vinavyosifiwa sana kwa kudumu na makali, hushika madoa baharini, kwa kuwa sehemu kubwa ya kromu yake imefungwa ndani ya kabaidi, chembe ngumu za kromu na kaboni, na haibaki ya kuulinda uso wa chuma. Kama muuzaji anakubali kurudishiwa, funga ubapa kwenye kitambaa kilicholoweshwa maji ya chumvi usiku kucha. Doa jekundu asubuhi, mrudishie. Kwa Opinel, angalia alama ya mkono wenye taji juu ya ubapa, zungusha pete pande zote mbili, kisha shika ubapa ukiwa umefungwa wazi na uutikise kushoto na kulia. Ukicheza kwenye pini kikiwa bado kipya, omba kingine.