Majalada ya kesi kwenye kompyuta: ofisi ya mawakili inunue nini

Tangu zije Kanuni za mwaka 2018 za kuwasilisha nyaraka mahakamani kwa njia ya kielektroniki (Tangazo la Serikali Na. 148), jalada la wakili wa Tanzania ni faili la kompyuta kabla halijawa karatasi. Mahakamani hati inaingia kwenye mfumo wenye akaunti, nywila na saa iliyopokelewa. Ndani ya ofisi, hati hiyohiyo ya madai imeshazunguka kwenye kundi la WhatsApp, barua pepe binafsi ya karani na flashi mbili, ikiitwa FINAL, FINAL2 na FINAL YA MWISHO KABISA.

Mwongozo huu ni wa ofisi ya watu watatu hadi kumi na tano hivi. Nimepanga chaguo kuanzia ninaloona linafaa ofisi nyingi hadi lile ambalo ningelisogeza mbele mpaka ofisi ikue.

Kwanza tuelewane kipimo. Wauzaji watakuhubiria ukubwa wa hifadhi, lakini majalada ya ofisi ya kawaida, hata yaliyoskaniwa, hayajazi terabaiti haraka. Cha kuuliza ni hiki: faili likishawekwa humo, ni la ofisi au la mtu? Wakili kijana akihama na akaunti yake ikafutwa, majalada aliyokuwa akiyashughulikia yanabaki? Halafu uliza nani anaweza kuona kipi, nani alibadilisha nini na lini, na toleo la juzi linarudi vipi. Mfumo usiojibu hayo ni kabati lisilo na kitasa.

Sababu si unadhifu tu. Sheria ya Ushahidi inalinda mawasiliano ya wakili na mteja. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaitaka mahakama, inapopima uzito wa ushahidi wa kielektroniki, iangalie ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kama umebaki bila kuguswa. Juu yake ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, inaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi, na kampuni inayovujisha taarifa kinyume cha sheria inaweza kupigwa faini hadi shilingi bilioni 5. Jalada la talaka au la mirathi limejaa taarifa za aina hiyo.

1. Microsoft 365 Business Standard

Hiki ni kifurushi cha Microsoft chenye Word, barua pepe na hifadhi ya mtandaoni. Nakiweka cha kwanza kwa sababu moja isiyo ya kiteknolojia: mawakili wanaishi ndani ya Word. Aya zenye namba, viapo, vichwa vya shauri, yote yameandikwa humo kwa miaka, na ofisi nyingi zina violezo ambavyo hakuna anayekumbuka nani alivitengeneza. Hapa watu wawili wanafungua utetezi uleule kwa wakati mmoja, mabadiliko ya kila mmoja yanaonekana kwa rangi na jina, na programu inalinganisha rasimu yako na iliyorudishwa na wakili wa upande wa pili hadi kwenye koma.

Lakini nunua ukijua pa kuweka vitu. Kifurushi kina OneDrive, ambayo ni droo ya mtu binafsi, na SharePoint, ambayo ni masjala ya ofisi. Majalada yakae SharePoint. Ukimfuta mtumiaji, OneDrive yake hutunzwa siku 30 tu kama hukubadilisha mpangilio, baada ya hapo ni kilio. Kilichomo SharePoint hakimtegemei mtu. Kilichofutwa huko kinakaa kwenye mapipa ya taka siku 93, na kila hati hubeba historia ya matoleo, kwa kawaida hadi 500.

Kifurushi kina ngazi tatu, na mwaka 2025 bei za orodha zilikuwa dola 6 kwa mtumiaji kwa mwezi kwa Basic, 12.50 kwa Standard na 22 kwa Premium, kwa mkataba wa mwaka na kabla ya VAT. Basic haina Word ya kusakinisha kwenye kompyuta, ina ya kwenye kivinjari tu. Ofisi zikitaka kubana matumizi huwapa makarani Basic na mabosi Standard. Fanya kinyume chake. Karani ndiye anayechapa kutwa na kupanga namba za aya, bosi anayesoma na kuandika maoni pembeni atatosheka na Basic. Ofisi ya watu sita yenye Standard nne na Basic mbili ilikuwa ikilipa dola 62 kwa mwezi. Premium naipendekeza pale ambapo watu wanasoma majalada kwenye simu zao wenyewe, maana ofisi inaweza kufuta taarifa zake kwenye simu iliyoibwa daladalani bila kugusa picha za mwenye simu.

Kasoro yake kubwa ni ruhusa. Ukianza kumfungia huyu folda hii na yule folda ile, baada ya miezi michache hakuna anayejua nani anaona nini. Tengeneza sehemu moja ya mashauri yote yasiyo nyeti, folda moja kwa kila shauri, na shauri lenye mgongano wa maslahi au mteja mzito lipe sehemu yake kabisa, yenye wanachama wake. Majina ya folda yawe mafupi pia: njia nzima ya faili haiwezi kuzidi herufi 400, na sisi tunapenda kuita folda kwa majina kamili ya wadaawa wote na wenzao watano.

2. Google Workspace Business Standard

Kwa kushirikiana tupu, Google ni rahisi kuliko Microsoft. Hifadhi ya pamoja inaeleweka siku ya kwanza: kilichowekwa humo ni cha ofisi, basi. Utafutaji wake ni mzuri hata ndani ya PDF zilizoskaniwa, na ofisi iliyokulia kwenye Gmail haihitaji mafunzo.

Kinachoiweka ya pili ni safari ya kwenda na kurudi Word. Hati ndefu ya madai yenye aya za 1, 1.1, (a), (i) ikigeuzwa kuwa hati ya Google kisha ikarudishwa Word, namba zinaweza kuvurugika, na hilo hugunduliwa saa kumi jioni siku ya mwisho ya kuwasilisha. Unaweza kuhariri faili la Word bila kuligeuza, lakini matoleo ya zamani ya faili la aina hiyo hufutwa baada ya siku 30 au yakifika 100, usipoyawekea alama ya kudumu. Kwa shauri la ardhi linalokwenda miaka sita, siku 30 si kitu. Taka ya hifadhi ya pamoja nayo hukaa siku 30, msimamizi akiongezewa 25 za kurejesha.

Kifurushi cha Plus kina Vault, ambayo inazuia faili na barua pepe zisifutike hata mtumiaji akizifuta. Ofisi inayotunza ushahidi wa benki au bima ina sababu ya kuilipia. Mwaka 2025 Standard ilikuwa dola 14 na Plus 22.

3. Seva ndogo ya ofisini

Hapa nazungumzia kisanduku kama Synology chenye diski mbili, kinachokaa kwenye kona ya ofisi na kugawa faili kwa kompyuta zote. Unalipa mara moja, majalada hayatoki nje ya nchi, na kasi ya kufungua skani ya kurasa 400 haishindwi na wingu lolote (hifadhi iliyoko kwenye intaneti). Mei 12, 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, na tena Oktoba 2025 intaneti ilipozimwa wakati wa uchaguzi, aliyekuwa na seva yake ndani aliendelea kuandaa hati. (Aliyeko kwenye wingu naye alinusurika, ikiwa alikuwa amewasha usawazishaji, yaani nakala za faili kukaa pia kwenye kompyuta yake. Washa leo.)

Gharama zilizojificha ni umeme na uangalizi. Hesabu UPS (betri inayoshika umeme ukikatika) ndani ya bei, si nyongeza ya baadaye, kwa sababu kukatikakatika kwa umeme kunaua diski. Diski mbili zinazonakiliana zinakukinga diski moja ikifa, hazikukingi na moto, mwizi wala karani aliyefuta folda. Lazima iwepo nakala ya akiba nje ya jengo, iliyosimbwa (isiyosomeka bila ufunguo). Na usiifungulie seva mlango wa moja kwa moja kwenye intaneti ili bosi asome akiwa Dodoma. Mwaka 2022 virusi vya Deadbolt vilifunga seva ndogo za kampuni ya QNAP zilizokuwa wazi hivyo na kudai malipo. Bosi aingie kwa VPN, yaani njia ya siri ya kufika mtandao wa ofisi.

Ofisi yenye mashauri ya siri kubwa na fundi anayepokea simu inaweza kuipandisha hii hadi namba moja.

4. Nextcloud

Programu huria, unaiweka kwenye seva unayoikodi au ya kwako, hata kwenye kituo cha data cha hapa nchini. Inatoa karibu kila kitu: ruhusa, matoleo, linki zenye nywila na tarehe ya kuisha. Haina leseni ya kulipa kwa kila kichwa. Ina mtu wa kumlipa, yaani fundi, na akipotea yeye mfumo unazeeka bila marekebisho ya usalama. Kama huna jina la fundi huyo sasa hivi, pita.

5. Dropbox ya timu

Hifadhi ya faili ya mtandaoni. Nyepesi, inasawazisha vizuri kwenye mtandao dhaifu, na matoleo ya nyuma hukaa siku 180. Ila utalipia Word na barua pepe kwingine.

6. Programu maalumu za mawakili

Clio ya Kanada, iliyoanza 2008, ndiyo inayotajwa zaidi. Ni nzuri, lakini imejengwa kwa wakili wa Marekani ya Kaskazini anayetoza kwa saa na kutunza fedha za mteja kwa taratibu za kule. Wengi wetu tunapatana ada kwa shauri zima. Utalipia vyumba usivyolala.

Nje ya orodha

WhatsApp ni ya kusema "nimefika mahakamani, tumepangiwa tarehe 14". Ujumbe unasimbwa njiani, ni kweli, lakini faili likishafika linakaa kwenye simu ya kila mwanakundi, pamoja na aliyeacha kazi mwaka jana. Akaunti ya bure ya Gmail yenye GB 15 nayo ni mali ya aliyeifungua, hata kama umeiita kwa jina la ofisi.

Kumpelekea mteja nyaraka, tuma linki ya kusoma tu, kwa jina lake, yenye tarehe ya kuisha. Linki ya "yeyote aliyenayo" izimwe kabisa kwenye mipangilio ya ofisi. Uthibitisho wa hatua mbili (nywila pamoja na uthibitisho wa pili, mfano kwenye simu) uwe wa lazima kwa wote, na bosi asijisamehe.

Kulipa, kadi ya benki inatosha, ila ukinunua kupitia wakala wa hapa unaweza kupata ankara ya shilingi na risiti ya EFD, na mhasibu wako atakushukuru. Usifunge mwaka mzima mara moja. Microsoft hutoa mwezi mmoja wa majaribio na Google siku 14. Chukua shauri moja linaloendelea, lenye vielelezo vingi, liweke lote humo, kisha mwombe karani, si wakili anayependa vifaa vipya, alete rasimu ya wiki iliyopita ya kiapo cha pili. Akiipata bila kumuuliza mtu, lipa.